Mkono Utoao na Mkono Urudishao: Masultani Wawili wa Kilwa katika Mizani ya Insafu

Hakuna maradhi ya moyo yaliyokemewa na fasihi ya pwani kwa muda mrefu kuliko husuda. Watunzi wa tenzi wameionya, washairi wa majibizano wametupiana tuhuma zake, na hata kanga zimechapwa zikiitaja: hasidi hana sababu. Lugha yenyewe imeyagawa maradhi hayo kwa uangalifu. Choyo ni ugumu wa mkono. Wivu waweza kuwa wa mapenzi, nao una watetezi wake. Husuda ni kutamani neema ya mwenzio iondoke hata kama haitakufikia wewe. Kijicho nalo ni neno la Waswahili wenyewe, na lauweka ugonjwa pale unapoanzia: mwenye kijicho huona, ila huona kwa jicho dogo.

Dawa inayotajwa mara nyingi ni ukarimu. Aliyepewa, husemwa, hana tena cha kuhusudu, na mwenye kutoa amekwisha kuusafisha moyo wake. Dawa hiyo ni ya kweli, lakini haikamiliki bila ya nyingine iitwayo insafu, yaani kumpimia mtu haki yake hata pale ambapo moyo haumpendi. Kisa kinachoonyesha jambo hili kwa uwazi ni cha Kilwa Kisiwani, katika karne ya 14, nacho ni cha ndugu wawili: Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abu al-Mawahib, Baba wa Vipawa, na nduguye Daud bin Sulaiman, aliyebaki katika kumbukumbu za wasafiri kwa ubahili wake.

Kisa chenyewe hakikuandikwa mahali pamoja. Nusu yake imo katika kitabu cha safari za Ibn Battuta, mtu wa Moroko, aliyefika Kilwa mwaka 1331. Nusu ya pili imo katika Kitab al-Sulwa fi Akhbar Kulwa, historia ya mji huo iliyotungwa kwa Kiarabu katika karne ya 16. Nakala yake iliyosalia ni ya mwaka 1877 na imehifadhiwa London. Iko pia riwaya ya tatu ya mambo ya Kilwa, iliyopita mikononi mwa Wareno na kuchapishwa na João de Barros mwaka 1552. Anayeisoma nusu ya kwanza peke yake hutoka na hukumu iliyo tayari. Anayezisoma zote hulazimika kuirudisha kesi barazani.

Ibn Battuta anaanza kwa sifa. Kilwa kwake ni miongoni mwa miji mizuri kabisa na iliyojengwa vyema. Sultani wake ni mnyenyekevu. Hukaa na mafakiri, hula pamoja nao, na huwatukuza watu wa dini na masharifu. Kisha kinakuja kisa cha nguo. Ijumaa moja, Ibn Battuta akiwapo, sultani alikuwa akitoka msikitini kurudi kwake. Fakiri mmoja wa Yemen akamsimamisha, akamwita kwa lakabu yake, na akamwomba nguo alizovaa. Sultani akakubali. Fakiri akataka apewe saa ile ile. Sultani hakukasirika wala hakutoa ahadi ya kesho. Alirudi msikitini, akaingia nyumba ya khatibu, akavaa nguo nyingine, akamwita yule fakiri aje azitwae. Fakiri akazifunga katika kitambaa, akajitwika kichwani, akaenda zake.

Kwa upande wa fani, sehemu hii ni kazi ya msimulizi hodari. Hakuna hotuba, hakuna nasaha. Mtawala anaingia chumbani na vazi la enzi, na vazi hilo linatoka likiwa juu ya kichwa cha mwombaji. Tena nguo Kilwa si kitu kidogo. Katika Kitab al-Sulwa kisiwa chenyewe kilinunuliwa kwa nguo: mgeni wa kutoka Shirazi aliafikiana na mwenye kisiwa kukizungushia nguo za rangi, na mzunguko ulipotimia kisiwa kikawa chake. Wanahistoria wa leo hawakichukui kisa cha Shirazi kama kilivyo, lakini kwa msomaji wa fasihi kina uzito wake. Mji ulioanza kwa mtu kuizungushia ardhi nguo ili aimiliki, unafikia kilele cha sifa zake kwa mtu aliyezivua zake ampe asiye nazo.

Lau kisa kingeishia hapo, kingekuwa wasia mwema tu. Ibn Battuta anaendelea, na hapo ndipo mhakiki anapokaza macho. Watu walimshukuru sana sultani. Mwanawe, mrithi wa kiti, akazichukua nguo zile kwa fakiri na badala yake akampa watumwa kumi. Habari za shukrani za watu zilipomfikia sultani, naye akaamuru fakiri aongezewe watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Matendo haya matatu hayafanani. La kwanza halikutanguliwa na sifa. La tatu limetanguliwa nazo. Msimulizi haonyeshi kuiona tofauti hiyo, na kwake yote ni ukarimu mmoja, lakini mpangilio wa matukio yake unasema zaidi kuliko anavyosema yeye. Mtoto anatoa ili vazi lirudi nyumbani. Baba anatoa baada ya kusikia watu wanasema nini. Yamkini baba aliona haya kwamba fakiri ametwaliwa alichopewa, akataka kumfidia. Yamkini pia alionja utamu wa kushukuriwa, akautaka tena. Maandishi hayaamui, na insafu inataka yasilazimishwe kuamua. La hakika ni kwamba ukarimu ukishapata watazamaji huingia sokoni, na sokoni kila bei huita nyingine. Ghera ya kushindana katika kheri ni jambo jema, lakini kati yake na husuda kuna uzi mwembamba, na aghalabu mwenyewe hajui ni lini ameuvuka.

Kuna jambo jingine ambalo msomaji wa leo hawezi kulipita. Katika hesabu ya kisa hicho wamo watu ishirini. Hawana majina, hawana kwao, hawasemi neno. Wametajwa baina ya nguo na pembe. Ibn Battuta mwenyewe anaeleza kwamba sultani huyu alikuwa akiivamia mara kwa mara nchi ya watu wa bara, akichukua ngawira na kuitoa khumusi yake kama sheria ilivyoagiza, fungu la masharifu likiwekwa mbali na mafungu mengine. Kwa mizani ya zama zake alikuwa mwangalifu wa haki: kila mwenye fungu alilipata, na masharifu walisafiri kutoka Iraki na Hijazi kulifuata. Lakini wale ishirini walikuwa fungu, hawakuwa wenye fungu. Kilichotolewa kwa upole mlangoni pa msikiti kilikuwa kimeingia mjini kwa silaha. Kusema hivyo si kumvunjia al-Hasan heshima yake. Ni kukataa kuangalia kwa jicho dogo, lile linalomwona mpewa na mtoaji, lisimwone mtu aliyefanywa kipawa.

Baada ya sifa hizo Ibn Battuta anamleta Daud, na kwa mistari michache anammaliza. Alipofariki al-Hasan, nduguye alishika ufalme naye akawa kinyume chake. Akijiwa na mwombaji, hujibu kwamba aliyekuwa akitoa amekufa na hakuacha cha kutolewa. Wageni hukaa kwake miezi mingi, kisha huwapa kidogo, mpaka wageni wakakoma kufika mlangoni pake. Waswahili wana methali mbili juu ya mgeni, na ndugu hawa ni kama vile wamegawana. Mgeni njoo, mwenyeji apone, imemwendea al-Hasan. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, imemwendea Daud. Kila aliyelelewa pwani anajua kwamba methali zote mbili ni za nyumba moja, na kwamba hakuna nyumba iliyosimama kwa moja tu.

Swali la kwanza la insafu ni hili: shahidi alisimama wapi? Ibn Battuta alikuwa Kilwa mwaka 1331, al-Hasan akiwa hai, na katika kitabu chake hakuna safari ya pili ya Kilwa. Habari za Daud, basi, hakuziona. Alizisikia, wakati fulani katika miaka iliyofuata, kabla safari zake hazijaandikwa huko Moroko kwa mkono wa Ibn Juzayy katikati ya miaka ya 1350. Aliyemwambia hatajwi, lakini lalamiko lenyewe lina sauti, nayo ni sauti ya wageni waliokaa miezi wakaondoka na kidogo. Aisifuye mvua imemnyea. Waliomsifu al-Hasan walinyewa. Waliomshutumu Daud waliikuta mbingu imefunga. Mafundi wa mawe wa Kilwa, wavuvi wake, mabaharia wa njia ya Sofala waliouletea mji dhahabu, na wale wa bara waliokuwa wakivamiwa, hakuna aliyewauliza wanamwonaje sultani mpya. Huenda kwa baadhi yao mkono mkavu wa Daud ulikuwa nafuu.

Hapa ndipo Kitab al-Sulwa kinapofungua mlango ambao msafiri hakuujua. Kinasimulia kwamba al-Hasan, alipokuwa kijana, alisafiri kutafuta elimu na kuhiji. Alikaa Aden kiasi cha miaka miwili. Muda wote huo aliyemshikia nafasi Kilwa alikuwa Daud. Al-Hasan aliporejea, Daud akampisha. Ndipo al-Hasan alipotawala, akajenga, akatoa, akapata jina. Alipofariki, kiti kikamrudia Daud, naye kwa hesabu ya kitabu hicho akakikalia miaka 24.

Mwandishi wa Kitab al-Sulwa analipita jambo hili upesi, kama mtu anayehesabu ngazi akipanda. Lakini mwenye kuzijua habari za enzi za pwani hawezi kulipita upesi hivyo. Mtu amekaa katika kiti miaka miwili. Ameamkiwa kwa heshima za kisultani, na funguo za hazina zimekaa kiunoni pake. Mwenye haki yuko ng'ambo ya bahari, na bahari ina mambo yake. Jahazi laweza kuchelewa msimu mzima au lisije kabisa, na asilaumiwe mtu. Kisha kaskazi inamleta, na yule aliyekaa anasimama. Ndugu wengi wa kifalme, katika nchi nyingi, wameuana kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Hata asili ya Kilwa, kama ilivyopokewa na de Barros, ni habari ya ndugu: Ali, mwanzilishi wa mji, anasimuliwa kuwa alidharauliwa na nduguze huko Shirazi kwa kuwa mama yake alikuwa Mhabeshi, ndipo akaondoka akatafute kwake. Hadithi ya mji huu inaanza kwa ndugu walioshindwa kumpa nduguyao nafasi, na katikati yake anasimama ndugu mmoja aliyeitoa.

Ni nani kati ya wawili hawa aliyetoa zaidi? Vazi la al-Hasan lilikuwa la Ijumaa moja, na kwa khatibu lilikuwapo jingine. Alilolitoa Daud halikuwa na jingine la kuvaliwa badala yake. Mwenye kutoa nguo hubaki sultani. Mwenye kurudisha kiti hubaki mtu. Lakini lugha ya watu haikuiita kazi ya Daud kutoa. Mkono utoao hushukuriwa, na mkono urudishao huambiwa umefanya wajibu wake tu. Hapakuwa na fakiri aliyeondoka na kitu kichwani ili watu waone na wasimulie. Ndiyo maana kisa cha nguo kilifika mpaka Moroko, na kisa cha kiti kikabaki katika kitabu cha kwao.

Insafu hiyo hiyo inakataza kumgeuza Daud kuwa walii na al-Hasan kuwa mtafuta sifa. Huko kutakuwa kuipindua dhuluma, isiwe kuiondoa. Inawezekana kabisa kwamba Daud alikuwa bahili kama alivyosemwa. Mtu aweza kuwa na mkono mgumu na moyo mpana. Hakuna mtaa wa pwani usio na mzee wa aina hiyo, asiyenunulia mtu kahawa barazani, lakini mirathi ya mayatima ikipita mikononi mwake haipungui hata kisahani. Na haukosi mwingine, ambaye pilau yake hulisha mtaa mzima ilhali dada zake hawajaliona fungu lao la shamba. Watu humpenda wa pili, na wana sababu. Mayatima humwombea dua wa kwanza.

Vilevile, neno lililomponza Daud, kwamba marehemu hakuacha cha kutolewa, limesomwa siku zote kama kejeli ya bahili. Mawe ya Kilwa yanashauri lisomwe tena. Mashariki ya mji, juu ya jabali linalotazama bahari, yapo magofu ya Husuni Kubwa, kasri lenye vyumba zaidi ya mia na birika la pembe nane. Neville Chittick, aliyeongoza uchimbaji wa Kilwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, alipata hapo maandishi ya kuchongwa yenye jina la al-Hasan bin Sulaiman. Aligundua pia kwamba kasri hilo halikumalizwa, na kwamba lilikaliwa kwa muda mfupi. Msikiti Mkuu nao, uliopanuliwa sana zama hizo kwa kuba na matao, uliporomoka. Kitab al-Sulwa kinaliweka anguko hilo katika siku za Abu al-Mawahib. Hakuna daftari la hazina lililosalia ili likate shauri. Lakini mtu aliyerithi kasri lisilokwisha na msikiti uliolala chini, akasema hakuna cha kutolewa, yaweza kuwa alikuwa amefungua kasha na kutaja alichokiona.

Fasihi ya Kiswahili ya karne ya 20 ililirudia swali hili la ndugu katika Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, hadithi iliyotoka mwaka 1952 na yenye mizizi katika Alfu Lela Ulela. Adili ana ndugu wawili, Hasidi na Mwivu. Wanaitapanya sehemu yao ya urithi, naye anawagawia yake. Kila akitoa, husuda yao hukua, mpaka wanamtupa baharini. Jini Huria, ambaye Adili aliwahi kumwokoa, anamwokoa naye, na kuwageuza nduguze manyani. Na Adili analazimishwa kuwapiga kila usiku. Anawapiga, kisha anawalilia. Shaaban Robert alijua, basi, kwamba kipawa peke yake hakimponyi hasidi. Chaweza hata kumtia kuni. Kila anachopewa humkumbusha kwamba mwingine ndiye mwenye kutoa. Kinachoikata duru hiyo ni baraza la Mfalme Rai. Anaambiwa habari ya ajabu ya mtawala apigaye wanyama usiku, na badala ya kuhukumu kwa kilichoonwa na jicho moja gizani, anamwita Adili, anauliza, anasikiliza kisa mpaka mwisho. Hapo ndipo njia ya kuwarudishia ndugu wale ubinadamu wao inapopatikana, na hadithi haiishi kwa kisasi.

Pamoja na uzuri wake, hadithi hiyo ina upungufu ambao kisa cha Kilwa hakina. Hasidi ameitwa Hasidi kabla hajatenda neno, na msomaji hapewi nafasi ya kumkosea wala ya kumtendea haki. Majina yamekwisha hukumu. Daud hakuandikiwa tabia yake katika jina. Amefika kwa vipande viwili, kimoja cha aibu na kimoja cha utukufu, vilivyoandikwa na watu wasiojuana katika karne mbili tofauti, na msomaji ndiye anayeachiwa kazi aliyoifanya Rai: kuita pande zote na kusikiliza mpaka mwisho.

Kitab al-Sulwa kina kisa kingine ambacho ndani yake mikono yote miwili, utoao na urudishao, ni ya mtu mmoja. Msikiti uliporomoka ukakaa hivyo miaka mingi, watu wakisali chini ya mahema. Katika karne ya 15, zama za Sultani Sulaiman bin Muhammad, aliyeitwa al-Malik al-Adil, mtu mmoja mcha Mungu wa mji huo aliomba ruhusa ya kuujenga upya kwa mali yake mwenyewe. Sultani hakuridhia, alitaka mali iwe yake, akatoa mithqali elfu moja za dhahabu. Mtu yule hakutaka kuzipokea, lakini akashauriwa azipokee, kwani asipozipokea hataachiwa kujenga. Akazipokea, akaziweka kando, akaujenga msikiti kwa zake. Sultani alipofariki, akawarudishia warithi wake dhahabu ile yote.

Hiki ni kisa cha watu wawili wanaoshindania thawabu moja, yaani pale hasa ambapo ghera hugeuka husuda. Anayependa sifa angalimwaibisha sultani kwa kukataa kipawa chake hadharani. Mwenye tamaa angalikitumia. Huyu alimwachia sultani heshima ya kutoa, akajiachia mwenyewe kazi ya kujenga, akawaachia warithi haki yao, na hakuna aliyetoka mikono mitupu. Mkali wa sheria aweza kuuliza kama ukimya wake haukuwa na chembe ya hila. Swali hilo ni la haki, na msikiti umelijibu kwa namna yake: mpaka leo matao na kuba zake zimesimama Kisiwani, na mgeni anayevuka kwa jahazi kutoka Kilwa Masoko huonyeshwa kazi hiyo.

Mambo haya hayakuishia katika magofu. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ya Tanzania ilirekebishwa ikaruhusu takrima, yaani mgombea kuwakirimu wapiga kura, kwa hoja kwamba ukarimu ni mila ya watu. Mwaka 2006 Mahakama Kuu iliifuta ruhusa hiyo, kwa kuwa ilimpendelea mwenye nacho na kumnyima asiye nacho usawa wake. Hukumu ile haikuupinga ukarimu. Iliuwekea insafu kuwa mlinzi. Lakini mahakama haiwezi kuyabadilisha macho ya watu. Mahali ambapo kila atoaye hadharani huitwa Abu al-Mawahib, kila aihifadhiye hazina ataitwa Daud, na ataitwa hivyo kwa kebehi hata siku atakapoondoka madarakani kwa hiari yake, hesabu zikiwa kamili.

Kwa wapenzi wa ushairi, Kilwa iliacha kitu kimoja kidogo kinachofaa kushikwa mkononi wakati wa kuyafikiri haya. Sarafu za shaba za masultani wake, zikiwamo zilizotolewa kwa jina la al-Hasan bin Sulaiman, zilipigwa kwa vina. Upande mmoja una jina la mtawala. Upande wa pili una maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu. Pande hizo mbili zimetungwa zikutane kwa kina kimoja, kama vipande vya ubeti, ila zimepeana migongo. Hakuna jicho linaloweza kuzisoma zote kwa mara moja, liwe kubwa namna gani. Anayetaka kukisikia kina chake hana budi kuigeuza sarafu.